Mashini ya kupasula kuni ya okazio: fika ikiwa baridi, toka ikiwa ya moto

Mutu mwenye iko na bulanjeri ya kuni, ao mwenye anachoma matofali kule Annexe (komini ya pembeni ya Lubumbashi), anajua vile kazi ya shoka inakula siku. Mubanga haipasuke vyepesi, mutondo ukisha kukauka nao unakataa, kalitusi yenye nyuzi zimejisokota inarudisha shoka juu, na wakati komandi iko mingi njo batu banaanza kutafuta mashini ya idroliki ya kupasula kuni (yenye presha ya mafuta inasukuma kabari), ya okazio juu mupya bei yake inapita uwezo wa bengi. Zenye minaonaka huku Lubumbashi mingi zilipita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kutoka Afrika ya Kusini, zingine zilikuya mu kontenere kutoka Ulaya pamoja na friji na mapikipiki. Wanapaka rangi mupya, wanawasha moteri, inalia muzuri, kabari inaenda inarudi mu hewa, na mununuzi anatosha feza pale pale.

Kabari kuenda na kurudi mu hewa haionyeshe kitu. Pale pompi haibebe muzigo wowote, ata pompi yenye imekwisha inaweza kusukuma verini (ile bomba ya chuma yenye pistoni ndani) yenye haina kuni mbele yake. Mashini za namna hiyo zinafikaka mu atelye siku kidogo tu nyuma ya kununuliwa, mwenyewe anasema "ilikuwa inafanya kazi ku muuzishaji", na ni kweli, ilikuwa inafanya, mu hewa.

Shika hii kwanza, mengine yote itafata: magonjwa ya moteri inaonekana wakati moteri iko baridi, magonjwa ya idroliki inaonekana wakati mafuta iko ya moto. Mafuta ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita mu kila joini yenye imechoka, mu kila jino la pompi lenye limekula. Mashini inaweza kupasula mubanga dakika tano za kwanza na nyuma ya nusu saa inashindwa kamuti ka mukono. Kwa hiyo unafika asubuyi mbele hawajaiwasha, na hautoke mbele tanki ya mafuta ipate moto. Muuzishaji mwenye anakataa hiyo nusu saa amekwisha kukujibu.

Bintu bya kubeba: bipande bya kuni byako mwenyewe, bitatu ao bine, kimoya kikiwa na fundo kubwa, upana wa sentimita 30 mpaka 40, juu kuni ya muuzishaji itakuwa laini na imenyooka. Chupa ya plastiki ya safi yenye mwanga unapita. Ribani ya kupima. Kamba ya kujenga. Kartoni. Na kama unaweza kuazima, manometa ya idroliki (kipimo cha presha) ya bari 250 ao 400 na viungo vyake, hiyo njo inamaliza mabishano yote.

Moteri ni ya moto na wewe njo unafika

Gusa moteri na nyuma ya mukono mbele ya kusalimiana sana. Kama iko ya moto, kuko kitu. Labda ilikuwa inafanya kazi ya kweli, hiyo si mubaya, lakini mara mingi ni moteri yenye inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Muambie tu kwa heshima: "Yaya, mimi nitarudia saa nane, usiiguse tena." Kisha rudia kweli.

Ikiwa baridi, inapashwa kuwaka ndani ya mivuto mitano sita hivi. Moshi ya bluu yenye haimalizike ni mafuta ya moteri inayoungua, segma ao supapu zimekwisha. Moshi nyeusi ni esanse mingi, chunguza filtri ya hewa kwanza, na tena ujue kwamba Lubumbashi iko ku mita karibu 1,200 juu ya bahari: karbiratere yenye ilirekebishwa kwa fasi ya chini itatoa esanse mingi kidogo huku kwetu. Na moteri ya esanse inapoteza karibu 3.5% ya nguvu ku kila mita 300, maana yake hapa inakosa karibu 14% ya ile nguvu yenye imeandikwa ku kibati. Mashini yenye ilikuwa na moteri ya kutosha kabisa kule Durban inaweza kuwa na moteri ya kukosa kidogo hapa, na si ugonjwa.

Moteri isikuogopeshe sana. Zile moteri ndogo za Kichina zenye zinafanana na Honda GX ziko kila fasi, karbiratere, buji, kamba ya kuvuta, yote unapata mu soko. Ata moteri ya kufwa kabisa unaweza kuibadilisha, lakini pima shafti mbele: shafti ya inchi moya ni milimita 25.4, haiingie mu kiungo cha milimita 25, na batu banapotezaka siku mbili ku tornere juu ya hiyo tofauti. Minasema hivi juu naona bengi banachunguza moteri saa nzima, banasikiliza sauti, banatosha buji, kisha idroliki banaiangalia dakika moya, na feza ya kweli iko mu idroliki.

Mafuta ya mu tanki: tosha kidogo, utie mu chupa

Fanya hii mbele ya kuwasha. Mafuta ya safi, rangi ya asali ao nyekundu kidogo, unaendelea. Mafuta nyeupe sawa maziwa ni maji ndani. Mashini ililala inje wakati wa mvula bila kufunikwa, ao kifuniko cha tanki kilipotea wakaweka mufuko wa plastiki na kamba. Maji yenyewe unaweza kuitosha, unamwanga mafuta yote, unasafisha tanki, unabadilisha filtri, na mara mingi inaomba kurudilia mara ya pili, na tanki zingine zinakula litre 20 ao kupita, kwa hiyo hesabu bei ya mafuta mara mbili mu bei ya mashini. Lakini maji yenye ilikaa muda mrefu imekwisha kutia kutu ndani ya verini na pompi, na hiyo hauione mu chupa, utaiona tu ku tiji, ile fimbo ya chuma yenye inatoka mu verini.

Mafuta nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema mashini ilikuwa inafanya kazi na moto mingi, mara mingi juu mafuta ilikuwa kidogo mu tanki ao kuko fasi presha inapita ndani kwa ndani. Mafuta yenye iko na bumbi linangaa, ukiweka chupa ku jua unaona sawa feza imesagwa, pale acha. Hiyo ni pompi inajikula yenyewe, na lile bumbi limekwisha kupita mu distribitere (kile kifaa cha levye chenye kinagawanya mafuta) na mu verini. Hata bei ikishuka nusu, acha.

Kuko tena batu banatia mafuta ya moteri yenye imekwisha kutumika, ile nyeusi ya vidange, juu ni ya bule. Ukiisikia harufu yake jua kwamba mwenye mashini hakuipenda, na chunguza bingine byote na macho kali zaidi.

Karatasi inasema tani 30

Karatasi ya ku mashini inabandikwa tu. Hesabu wewe mwenyewe, si kitu kigumu. Nguvu ya verini inatoka ku bintu bibili: upana wa pistoni ndani na presha. Pima upana wa verini inje, tosha unene wa chuma pande mbili, mara mingi inakuwa sentimita moya na kidogo yote pamoja. Tuseme ndani inabakia sentimita 10. Nusu yake ni 5, tano mara tano mara 3.14 inakupa 78.5, hiyo ni sentimita za mraba. Zidisha na presha mu bari, mashini hizi mingi ziko ku bari 170 mpaka 200. Ukipiga na 170 unapata karibu kilo 13,300, na sawa vile bari moya inapita kilo moya kidogo, weka tani 13 na nusu. Njo nguvu yake. Ili ifike tani 30 na bari 200 inaomba verini yenye ndani iko na sentimita karibu 14, yaani kitu kinene sana, sawa muguu wa mutu munene, na ukiona verini nyembamba na karatasi ya tani 30 usianze kubishana sana, onyesha tu hesabu, bei itashuka yenyewe.

Tani 13 za kweli si mbaya kwa bulanjeri. Ni afazali tani 13 zenye ziko mu manometa kuliko 30 za mu karatasi.

Kabari iko na nguvu lakini inaenda polepole

Kwanza ujue polepole ni nini. Verini ya sentimita 10 ndani, yenye inatembea sentimita 60, inaomba litre karibu 4.7 za mafuta ili itoke yote. Pompi ya kawaida ya mashini ya kati inatoa karibu litre 41 ku dakika ikiwa moteri iko ku mizunguko 3,600. Gawanya: sekunde karibu saba za kwenda. Kurudi ni haraka kidogo kupita kwenda, juu tiji inakamata nafasi ndani. Kwa hiyo kwenda na kurudi iko mu sekunde 12 ao 13, ukiongeza kidogo kwa mashini ya muzee sekunde 16. Ikipita 25, ni ugonjwa.

Sababu ya rahisi kupita zote ni moteri yenye haifike mizunguko yake, kebo ya akseleratere imelegea, ao mwenyewe anaishusha juu hapendi makelele. Sukuma akseleratere mpaka mwisho uangalie. Kisha kiwango cha mafuta. Kisha tiyo ya kuvuta, ile kubwa kutoka tanki kuenda ku pompi: ikiwa laini ya kujibana, ao filtri ya ndani ya tanki imejaa buchafu, pompi inavuta na haipate. Hizi zote ni bei kidogo.

Kama hizi zote ziko sawa na bado inaenda polepole kila wakati, mu hewa ao mu kuni sawasawa, pale pompi yenyewe imefungamana ku mwendo wa nguvu. Pompi hizi mingi ziko na mwendo mbili ndani yake. Kuko sehemu kubwa ya kutoa mafuta mingi na presha kidogo, hiyo ni ya kukimbiza kabari mpaka iguse kuni. Kabari ikishikwa na presha ikipanda, karibu bari 30 mpaka 60 kufatana na pompi, kakifuniko ka ndani kanafunguka, sehemu kubwa inarudisha mafuta ku tanki, na inabakia sehemu ndogo tu yenye inasukuma polepole na presha yote. Kale kakifuniko kakikwama wazi, mashini inakuwa polepole siku zote. Mara ingine ni buchafu tu, fundi anafungula anasafisha, lakini usimulipe muuzishaji sawa ni buchafu, mulipe sawa ni pompi.

Iko haraka lakini ikigusa kuni inasimama

Hii njo ugonjwa mukubwa, na njo yenye inafichwa kupita zote. Kabari inakimbia muzuri mu hewa, unaweka mubanga, inagusa, inasimama, moteri inaendelea kulia sawa hakuna kitu. Sikiliza vizuri pale. Mashini ya muzima ikigusa kuni ngumu unasikia moteri inashuka sauti, inabeba, kabari inapunguza mwendo, halafu kuni inalia inapasuka. Mashini ya mugonjwa moteri haibebe. Kama moteri haisikie muzigo, maana presha haijengwe, mafuta inapotea fasi fulani, na kazi yako ni kujua fasi gani, juu bei ya fasi moya na ingine hazifanane hata kidogo.

Inaweza kupotea fasi tatu. Supapu ya usalama mu distribitere, ile yenye inafungula presha ikizidi, inaweza kulegea ao kushikwa na kabuchafu: bei yake ni kidogo, mara ingine ni kuzungusha visi tu. Joini za pistoni ndani ya verini zinaweza kukwisha, mafuta inapita upande mwingine bila kusukuma: bei ya katikati. Na pompi inaweza kukwisha: bei kubwa.

Weka manometa ku tiyo yenye inatoka ku pompi, moteri ikiwa imezimwa na levye imesukumwa mbele na nyuma ili presha yote itoke. Washa, peleka kabari mpaka mwisho wa njia yake, shika levye sekunde mbili tatu, soma. Usishike zaidi, mafuta inapata moto haraka sana pale. Ikisoma 170 ao kupita, mashini iko na nguvu, acha kuogopa. Ikisoma 90 ao 100, angalia visi ya supapu ya usalama: tia alama na rangi fasi iko, fungua ekru, zungusha robo moya, soma tena. Presha ikipanda, umepata, ni supapu. Usiipandishe kupita yenye imeandikwa ku kibati ya pompi ao ya verini, kuko batu banafunga visi mpaka mwisho ili mashini ionekane na nguvu siku ya kuuzisha, na siku moya tiyo inapasuka mbele ya mutu. Presha ikikataa kupanda, si supapu.

Pale inabakia pompi ao verini, na kuna njia ya kuzitenga, lakini hii fanya na fundi wa idroliki, si peke yako. Kabari inapelekwa mpaka mwisho inje, moteri inazimwa, presha inatolewa. Unafungua tiyo ya upande wa tiji, ile yenye inarudishaka kabari, unaziba tiyo yenyewe na kizibo cha chuma chenye kinafungwa muzuri, na ku verini unaacha shimo wazi na ndoo chini yake. Unawasha, unasukuma levye mbele tu. Mbele tu, usiivute nyuma hata mara moya. Matone kidogo ya mwanzo si kitu, ilikuwa imebakia ndani. Lakini mafuta ikiendelea kutoka ku shimo la verini, ni joini za pistoni. Isipotoka na presha bado iko chini, ni pompi.

Kwa joini za verini Lubumbashi tuko na bahati. Juu ya kazi ya migodi, hapa na Likasi na Kolwezi kuko maatelye yenye inafungula verini za mashini kubwa kila siku, joini za vipimo byote zinapatikana, hata tiji wanaweza kuirudishia kromu. Lakini bei yao ni bei ya migodi, uliza mbele ya kununua mashini, usiulize nyuma.

Nguvu iko wakati wa baridi, inaisha na moto

Nusu saa ya kazi njo ya kuonyesha hii. Pasula kuni zako, kisha zake, bila kupumuzika. Gusa tanki kila mara: mukono ukiweza kukaa pale, muzuri, ukishindwa kukaa sekunde moya, mafuta imepita moto yake. Kama ku mwanzo ilipasula ile kuni yenye fundo na sasa inashindwa kuni ya namna moya, pompi ao joini zimechoka, rudilia manometa sasa ikiwa ya moto, itakuonyesha tofauti. Ulizia tena ni mafuta gani iko ndani. Kwa jua la hapa mwezi wa kumi inafaa mafuta ya idroliki namba 46. Ikiwa walitia 32 ao kitu chepesi zaidi, inaweza kusaidia kidogo kubadilisha, lakini si dawa ya pompi ya kufwa, na muuzishaji mwenye anakuambia "badilisha mafuta tu" anajua yenye anasema.

Moteri inafwa kabari ikigusa kuni

Hii ni kinyume cha ile ya juu na batu banachanganya. Presha iko, ila moteri haiwezi kuibeba. Ao moteri iko zaifu, filtri ya hewa imejaa, karbiratere chafu, ao supapu ya usalama ilifungwa sana, ao pompi inakataa kubadili mwendo na sehemu kubwa inaendelea kusukuma mafuta mingi ku presha kubwa, kitu moteri haiwezi. Manometa itasema: moteri inafwa ku bari 80, uangalie pompi na moteri, inafwa ku 230, ulegeze visi ya supapu ya usalama.

Inalia sawa filimbi, ao mafuta inatoa povu

Pompi inanywa hewa. Kiungo cha tiyo ya kuvuta kimelegea, kola yake imechoka, tiyo imepasuka juu juu, ao mafuta iko chini ya shimo la kuvuta. Bei kidogo, ila ulizia tangu lini inalia, juu pompi yenye ilikunywa hewa miezi mingi imekwisha kuumia ndani. Makelele ya kugonga, si filimbi, angalia kakiungo kati ya moteri na pompi: mu katikati kuko kauchu kenye meno, kakikwisha vyuma vinagongana. Kauchu kenyewe bei ni kidogo.

Inavuja

Hapa kuwa mwangalifu sana kupita fasi zote. Usitafute fasi mafuta inatoka na mukono. Mafuta ya bari 170 yenye inatoka mu kashimo kadogo kenye hauone inaingia mu ngozi sawa sindano, inaonekana kadonda kadogo tu, haiume sana ku mwanzo, na masaa kidogo nyuma kidole ao mukono mzima unaanza kuoza ndani. Inaomba operasyo ya haraka hospitali, si kusubiri asubuyi, si kupaka dawa. Pitisha kartoni karibu ya tiyo, mafuta itaonekana ku kartoni.

Tiyo yenye ngozi yake imepasuka mpaka unaona nyuzi za chuma ni ya kubadilisha mbele ya kazi ingine yote. Ku viungo, kukaza inaweza kutosha. Ku shingo ya verini, fasi tiji inatokea, angalia tiji mbele: kabari ikiwa inje yote na moteri imezimwa, pitisha ukucha ku urefu wote. Mafuta nyembamba ya kungaa ku tiji ni kawaida. Ukucha ukishikwa ku mukwaruzo ao ku tushimo twa kutu, joini mupya utakayotia itakatwa tena, na kazi ya kweli ni kromu. Angalia tena kama tiji imenyooka, zungushia macho ku upande na chini. Kuni yenye iliingia ya kupinda inasukuma kabari juu, tiji inapindika, na tiji ya kupindika haina dawa ya bei ndogo.

Mugongo wa mashini

Vuta kamba juu ya ile chuma ndefu yenye kabari inatembelea, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nafasi chini ya kamba katikati inaonyesha imepindika. Sudire za ku kibao cha mwisho, fasi kuni inaegemea, njo zinabeba tani zote, tafuta mistari ya kupasuka pale, na rangi mupya fasi moya tu ukwangule na ufunguo, muombe muuzishaji ruhusa lakini ukwangule. Sudire ya kurudilia si lazima ni mubaya kama fundi alijua kazi, angalia kama ni safi na nene ao ni matone matone. Tundu la pini nyuma ya verini likiwa limerefuka, kabari inacheza. Kabari yenyewe kuwa butu si ugonjwa, unainoa.

Levye

Wakati wa kusukuma, ukiachilia levye inapashwa kurudi katikati yenyewe na kabari isimame. Hapo hapo. Ikiwa haisimame, ao ukikuta imefungwa na kauchu ya chambre ya baiskeli ili mutu mumoya aweze kushika kuni na mashini inaendelea, hiyo mashini ilishakuwa ya kukata mikono na itakata yako ao ya mutumishi wako. Spring ya kurudisha si bei, muambie aitie mbele yako. Kwa kurudi nyuma mashini mingi zinaachilia levye ikae peke yake mpaka mwisho, hiyo ni kawaida. Kama inaruka katikati ya njia, mafuta iko nzito ya baridi ao tiyo ya kurudi imeziba ao kaspring ka kushikia kamechoka.

Zile za umeme

Kwa nyumba na kwa malewa ndogo kuko zile za tani 5 mpaka 7, volti 220, wati 1,500 mpaka 2,200. Courant ya hapa unaijua. Ikilia "mmm" bila kuzunguka, angalia kondansatere kwanza, kisha waya: waya mrefu na mwembamba volti inashuka, moteri haianze. Zikitoka Marekani zingine ni volti 120, ukiichomeka ku 220 inaungua pale pale. Na ya triphase ya 380 usinunue kama hauna triphase kwako, usidanganyike na "fundi ataibadilisha".

Kisha kupima yote, gawanya magonjwa mu sehemu mbili wakati wa kuzungumuza bei. Tiyo, filtri, mafuta, kauchu, spring, karbiratere, hizo unahesabu bei yake na unaitosha ku bei yake, mashini bado ni ya kununua. Bumbi la kungaa mu mafuta, tiji ya kupindika, mugongo wa kupasuka, presha yenye inaanguka na moto, moya tu kati ya hizo inatosha kuacha, isipokuwa unanunua moteri na mapine tu na unalipa bei ya moteri na mapine. "Papa, hii ilikuwa ya muzungu wa fermi, haijafanya kazi mingi" si jibu la swali lolote.

Omba karatasi ya DGDA (duane) ao fakture yenye namba ya mashini, ulinganishe na kibati ya ku moteri. Na usiikokote nyuma ya gari mpaka kwako: yale mapine madogo na rulema zake ni za kuzungusha mashini mu uwanja, barabara ya Kasumbalesa itazimaliza. Ipandishe mu kanta, kabari ikiwa imerudi ndani yote, kifuniko cha tanki kimefungwa, robine ya esanse imefungwa, na uifunge ku mugongo wake, si ku verini.